Kurudi, Kujirudi na Kurudiana: Uhakiki wa Marejeo ya Aliyetoka Gerezani katika Fasihi na Semi za Afrika Mashariki

5.1 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya magereza katika Afrika Mashariki umejikita zaidi ndani ya kuta. Wahakiki wameeleza upweke wa seli, mateso, na ujasiri wa mwandishi aliyeandika juu ya karatasi za chooni. Ken Walibora Waliaula, katika makala yake ya 2009 kuhusu Sauti ya Dhiki, alionyesha kuwa diwani hiyo haibebi sauti moja ya mfungwa bali sauti nyingi zinazojibizana. Kazi ya aina hiyo ni ya msingi. Hata hivyo, lango la gereza linapofunguliwa, mhakiki kwa kawaida hufunga daftari lake. Siku ya pili baada ya kuachiwa, ambapo mtu anasimama mbele ya mlango wa nyumbani kwake bila kujua ataitwa nani, imepewa nafasi ndogo.

Pengo hilo lina athari nje ya taaluma. Katika mijadala ya sasa kuhusu msaada wa marejeo, yaani huduma anazopewa mtu anayetoka gerezani ili aishi tena miongoni mwa watu wake, imeenea hoja kwamba msaada huo ujengwe juu ya utamaduni wa wahusika. Hoja hiyo inavutia, lakini mara nyingi neno “utamaduni” huachwa bila kuhojiwa, kana kwamba mila ni ghala ambamo suluhu imehifadhiwa ikisubiri kuchukuliwa. Fasihi ina ushahidi mwingine. Inaonyesha kuwa mila inaweza kumpokea mtu, na inaweza pia kumfunga mara ya pili.

Sura hii inahakiki riwaya ya A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong’o, historia ya diwani ya Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, pamoja na methali na misemo ya Kiswahili inayosemwa juu ya mkosaji na mgeni. Riwaya ya Ngũgĩ, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza, imeingizwa kwa sababu inashughulikia marejeo yenyewe kuliko kifungo. Hoja kuu ni kwamba msaada wa marejeo hustahili kuitwa wa kiutamaduni pale tu unapoweka wajibu juu ya wanaopokea. Unapomtaka anayerudi peke yake abadilike, hata ukitumia ngoma, wazee na dua, unabaki kuwa mkono mrefu wa gereza.

5.2 Mkabala wa Kihakiki: Kitenzi Kimoja, Maana Nne

Kiswahili chenyewe kinatoa mkabala wa kuanzia. Kitenzi “rudi”, kisipochukua yambwa, kina maana ya kwenda tena mahali ulikotoka. Kikichukua yambwa, kina maana ya kukanya au kuadhibu kwa lengo la kufunza: mzazi humrudi mwanawe, na marudi ni mafunzo ya mwenye makosa. Katika hali ya kujirejea, mtu “hujirudi”, yaani hutambua kosa lake na kuacha mwenendo mbaya. Katika hali ya kutendana, watu “hurudiana”: waliotengana huwa pamoja tena, kama mume na mke waliokuwa wameachana.

Maumbo hayo manne yanafaa kuwa kipimo cha uhakiki. Gereza, kwa nadharia yake, lipo kumrudi mkosaji. Programu za urekebishaji humtaka ajirudi. Siku ya kuachiwa anarudi kwa miguu yake. Kinachosahaulika ni umbo la nne, ambalo kisarufi haliwezi kutimizwa na mtu mmoja. Mtu anaweza kurudi peke yake na kujirudi peke yake, lakini hawezi kurudiana peke yake. Ni lazima upande wa pili utende.

Mkabala huu unakubaliana na nadharia mbili zinazojulikana. Arnold van Gennep, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu ibada za mpito, aligawa ibada hizo katika hatua tatu: kutengwa, kuwa mpakani, na kuunganishwa tena. John Braithwaite, katika kitabu chake cha 1989, alitofautisha aibu inayomuunganisha mkosaji na jamii yake na aibu inayomtia alama ya kudumu. Kwa kutumia lugha ya van Gennep, adhabu ya kifungo ina ibada kamili ya kutenga, yaani mahakama, sare, namba na mlango wa chuma, lakini haina ibada ya kuunganisha. Hukumu husomwa hadharani mbele ya mashahidi, ilhali kuachiwa hufanyika langoni, mara nyingi bila shahidi yeyote.

Upungufu huo una sababu ya kihistoria. Neno “gereza” huhusishwa na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ilitumiwa na Waingereza kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kifungo cha miaka kama adhabu ya kawaida kilienezwa na dola ya kikoloni. Kwa hiyo ni vigumu kutarajia mila kongwe ya kumpokea mfungwa. Iliyopo ni mila ya kumpokea mtu: baharia, haji, mwali, mjane aliyemaliza eda. Msaada wa marejeo wenye misingi ya utamaduni hauna budi kuazima kutoka huko, na kila mwenye kuazima anapaswa kuulizwa anaazima kwa niaba ya nani.

5.3 Mila Mikononi mwa Mfungaji: Kambi za Hali ya Hatari na A Grain of Wheat

Swali hilo si geni katika Kenya. Baada ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaweka kizuizini makumi ya maelfu ya watu, na pamoja na kambi ikaanzisha mpango ulioitwa urekebishaji. Thomas Askwith, aliyekabidhiwa mpango huo, alipelekwa Malaya 1953 kuona jinsi Waingereza walivyoshughulikia wafungwa wa huko. Kambi zilipangwa kama ngazi: aliyekiri kiapo alisogezwa hatua kwa hatua kuelekea kwao, na aliyekataa alipelekwa penye ugumu zaidi. Ngazi hiyo ilifikia ukatili wake unaokumbukwa zaidi tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo katika kambi ya Hola.

Jambo linalohusu sura hii ni kwamba serikali hiyo ilitumia pia utamaduni. Ilifadhili sherehe za kutakasa, ambamo wazee na waganga waliokubaliwa na watawala waliwatapisha watu kiapo kwa vyombo vya Wagikuyu wenyewe, likiwemo jiwe la githathi. Kwa sura ya nje, sherehe hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho mtetezi wa leo wa msaada wa kiutamaduni angekitaka: wazee, lugha ya mama, alama za jadi, na lengo la kumrudisha mtu kwao. Kilichokosekana ni hiari ya anayetakaswa na uhuru wa anayetakasa. Mila ilikuwa imegeuzwa kuwa ufunguo uliotunzwa katika mfuko wa askari.

A Grain of Wheat inasomeka vizuri zaidi ikiwekwa mbele ya historia hiyo. Gikonyo, seremala wa kijiji cha Thabai, anakiri kiapo akiwa kizuizini kwa shauku ya kurudi kwa mkewe Mumbi. Kwa lugha ya kambi, amejirudi. Anarudi baada ya miaka sita na kumkuta Mumbi ana mtoto aliyezaa na Karanja. Tena analazimika kwenda kuripoti kwa chifu, na chifu huyo ni Karanja mwenyewe. Ngũgĩ amekusanya katika tukio hilo udhaifu wote wa marejeo yanayosimamiwa na dola: mamlaka inayothibitisha kuwa mtu amerudi ndiyo iliyonufaika na kutokuwepo kwake.

Wasomaji wengi wameitafsiri sehemu hii kama kisa cha usaliti wa ndoa. Usomaji huo hautoshi. Mumbi naye alikuwa katika aina ya kifungo. Kijiji chake kilivunjwa, watu wakahamishwa kwa nguvu, wakachimbishwa handaki na kushindishwa njaa. Gikonyo anarudi akiwa na picha ya nyumba iliyosimama kama alivyoiacha, ilhali nyumba nayo imepita katika dhiki yake. Hakuna anayemwuliza Mumbi yaliyompata, na Gikonyo hataki kusikia. Ukimya unaofuata baina yao ni mrefu na mgumu kuliko kizuizi. Riwaya inafundisha hapa kwamba waliobaki nyumbani nao wanahitaji kupokewa. Msaada unaomwandaa mfungwa na kuisahau nyumba humrudisha mahali ambapo hapapo tena.

Mhusika wa pili ni Mugo. Yeye anarudi kimya kimya, anajifungia katika kibanda chake, na wanakijiji wanamwona shujaa kwa sababu hakukiri. Wanamwandalia heshima ya kuhutubia siku ya Uhuru, Desemba 1963. Wanampokea kwa shangwe, lakini wanayempokea si yeye. Ni sanamu waliyoichonga bila kumsikiliza, kwani Mugo ndiye aliyemsaliti Kihika. Anapokiri mbele ya umati, tofauti na waliokiri kambini, hakuna ngazi ya kumsogeza karibu na kwao. Ukweli wake unamgharimu kila kitu. Kwa hiyo riwaya haipingi kukiri kwenyewe. Inapinga kukiri kunakonunuliwa, na inauliza jamii kama ina mahali pa kumweka aliyekiri bila kununuliwa.

Riwaya inaishia hospitalini, Gikonyo akifikiria kigoda atakachomchongea Mumbi, na katika fikra zake umbo la mwanamke mjamzito linaingia katika uchongaji huo. Mwisho huo ni muhimu kwa hoja ya sura hii. Kinachoanzisha kurudiana ni kazi ya mikono ya seremala, ufundi aliokuwa nao kabla ya kambi, unaoelekezwa kwa mtu mmoja mahususi. Hakuna afisa aliyeidhinisha na hakuna sherehe iliyofadhiliwa. Mumbi mwenyewe hakubali kurudiana kwa haraka. Anataka wazungumze kwanza. Umbo la nne la kitenzi limeanza, na limeanza kwa masharti ya pande zote mbili.

5.4 Diwani Iliyopokewa Kabla ya Mtunzi: Sauti ya Dhiki

Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa 1946, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu cha Kenya: Twendapi?, kilichoikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Aliandika tungo zake gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni, akaachiwa 1972. Mwaka uliofuata diwani ya Sauti ya Dhiki ikachapishwa.

Anwani mbili katika diwani hiyo zinastahili kusomwa pamoja: “Siwati” na “N’sharudi”. Ya kwanza ni kitenzi cha kukanusha, chenye maana katika lahaja ya Kimvita kwamba msemaji haachi msimamo wake. Ya pili ina kiambishi cha kitendo kilichokwisha kukamilika, na inamaanisha kwamba msemaji amekwisha kurudi. Zikiwekwa sambamba, zinavunja mantiki yote ya urekebishaji. Gereza linasema kwamba atakayerudi ni yule aliyejirudi. Anwani hizi zinamweka pamoja msemaji asiyeacha na msemaji aliyerudi. Kwa mfungwa wa kisiasa, kujirudi kungekuwa kujisaliti. Kurudi kwake kunadai jamii impokee akiwa yule yule.

Historia ya baada ya kifungo inaongeza uzito wa jambo hili. Abdalla hakukaa Kenya. Alihamia Tanzania na kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mnamo 1974 diwani yake ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la kiongozi ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Kitabu kilipokewa, kikaingia madarasani, kikahakikiwa. Mwandishi wake alikuwa ugenini. Ngũgĩ naye alipata jambo la aina hiyo: alipotoka kizuizini Desemba 1978, hakurudishiwa kazi yake ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Uhakiki wa Kiswahili umeichukulia tuzo hiyo kama ushindi wa sanaa dhidi ya dola. Tathmini hiyo ni sahihi kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba kusifu maneno ya mfungwa ni rahisi kuliko kumpa mfungwa mahali pa kuishi. Jamii inaweza kuyafanya mateso ya mtu kuwa hazina ya taifa na bado ikamwacha mtu huyo mlangoni. Hatari hiyo inahusu pia msaada wa marejeo wa siku hizi, pale aliyetoka gerezani anapoitwa mikutanoni kutoa ushuhuda wake tena na tena. Anapigiwa makofi, kisha analala pale pale alipolala jana.

Pamoja na hayo, mfungwa wa kisiasa hawezi kuwa kielelezo cha wote. Kosa lake, kwa macho ya wengi, ni sifa. Jirani aliyeibiwa ng’ombe au mama aliyeuliwa mwanawe hawezi kuambiwa ampokee mkosaji kana kwamba anampokea mshairi. Fasihi andishi imempuuza mfungwa wa kawaida baada ya kifungo chake, na kwa sababu hiyo uhakiki hauna budi kugeukia semi, ambamo mtu huyo anatajwa kila siku.

5.5 Semi Zinazofunga na Semi Zinazofungua

Katika mazungumzo ya mitaani, mtu aliyefungwa husemwa kuwa “amenyea debe”. Msemo huo hautaji kosa lake, hautaji hukumu wala muda wa kifungo. Unataja fedheha ya mwili, yaani kujisaidia ndani ya chombo mbele ya wengine. Anayeusema humvua nguo aliyetoka, na humvua upya kila unaporudiwa. Mfungwa alimaliza kifungo chake, lakini msemo hauna tarehe ya mwisho.

Methali nazo hutumika kama mashahidi wa upande wa mashtaka. “Mchovya asali hachovyi mara moja” hutabiri kosa la pili kabla halijatendeka. “Samaki mmoja akioza, wote wameoza” hupanua hatia hadi kwa ndugu na watoto. “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu” humhukumu mama aliyekuwa akipeleka chakula siku za kutembelea wafungwa. Anayedhani kwamba kurudi kwenye utamaduni ni kurudi kwenye huruma anapaswa kwanza kuzisikiliza methali hizi zikisemwa kibarazani.

Upande wa utetezi nao una methali zake. “Mwana akinyea kiweo hakikatwi” inakubali kuwa uchafu upo na kwamba umempata mlezi, lakini inakataa kuukata mwili kwa sababu ya uchafu. Jibu lake kwa “amenyea debe” ni la moja kwa moja, kwani linatumia fedheha ile ile na kuipeleka kwenye wajibu wa kuosha. “Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani” inaliweka jambo katika jahazi: anayezunguka nyuma na mbele ya chombo hatimaye hurudi ndani yake. Methali hii haisemi kwamba aliyezunguka alifanya vyema. Inasema kwamba chombo ni kimoja.

Yenye manufaa zaidi kwa sura hii ni “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.” Kwa kawaida husomwa kama onyo kwa mgeni asiwe mzigo. Usomaji unaopendekezwa hapa unageuza mwelekeo: kitendo kinachoagizwa ni cha mwenyeji. Anaambiwa ampe jembe. Kumlisha mtu siku ya kwanza ni ukarimu, lakini ukarimu usiokoma humweka mtu katika ugeni usiokoma. Jembe ndilo linalomtoa. Lina maana ya sehemu katika shamba, zamu katika kazi, na haki ya kula bila kushukuru kila tonge. Aliyetoka gerezani hupewa huruma ya siku mbili na ndugu wengi. Jembe ndilo linalomfika kwa shida.

Zaidi ya methali, zipo desturi za utengano wenye mwisho. Mjane Mwislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha hutoka, na kutoka kwake hujulikana na wanawake wenzake. Mwali aliyewekwa ndani hutolewa kwa ngoma na mavazi mapya. Waliokuwa kumbini hupokewa na wazazi wao kwa vigelegele. Katika desturi hizo zote, siku ya mwisho inajulikana na jamii nzima, wapo watu maalumu wenye wajibu wa kumtoa aliyetengwa, na baada ya siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kumwita kwa jina la utengano. Aliyemaliza eda haitwi tena mwenye eda. Mfungwa, kinyume chake, huitwa mfungwa wa zamani hadi kaburini. Desturi hizi hazifai kunakiliwa jinsi zilivyo, kwa kuwa gereza si unyago wala kifo cha mume. Mantiki yake ndiyo inayoweza kuazimwa: utengano hauishi kwa aliyetengwa kutoka, bali huisha kwa waliobaki kumtoa.

5.6 Kanuni, Cheti na Jembe

Mantiki hiyo haipingani na sheria za kisasa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mnamo Desemba 2015, zinaeleza katika kanuni ya 90 kwamba wajibu wa jamii haukomi mfungwa anapoachiwa, na kwamba msaada wa baadaye ulenge kupunguza chuki dhidi yake. Kanuni ya 107 inataka mustakabali wake ufikiriwe tangu mwanzo wa kifungo. Kanuni ya 108 inataja mambo ya kawaida kabisa: vitambulisho, makazi, kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa, na uwezo wa kufika aendako. Kwa maneno mengine, kanuni hizo zinazungumzia kurudiana na jembe bila kuyatumia maneno hayo.

Mgongano upo kwenye utekelezaji. Nchini Kenya, waajiri wengi hudai cheti cha polisi cha tabia njema. Cheti hicho kina sababu zake, hasa kwa kazi za ulezi na ulinzi wa mali. Lakini kinapodaiwa kwa kazi yoyote ile, kinageuka kuwa msemo wa “amenyea debe” ulioandikwa kwa wino wa ofisi. Wazee wanaweza kumsamehe mtu Jumapili, na Jumatatu dirisha la ofisi likamkumbusha kwamba msamaha wa wazee hauna muhuri. Hivyo utamaduni hauwezi kutumiwa kama mbadala wa sheria wala kama njia ya serikali ya kupunguza gharama. Mwenyeji wa leo ni pamoja na mwajiri, mwenye nyumba ya kupanga na karani.

Kutokana na uchambuzi huu, msaada wowote unaojiita wa kiutamaduni unaweza kupimwa kwa maswali manne. Je, anayerudi anaweza kuukataa bila kupoteza haki yake? Je, wanaoendesha mila wanawajibika kwa jamii, au kwa mamlaka iliyomfunga? Je, umetaja kwa uwazi watakachofanya wanaopokea? Je, baada ya sherehe lipo jembe? Sherehe za kutakasa za miaka ya 1950 zinashindwa katika maswali yote manne, ingawa zilikuwa na alama zote za mila.

5.7 Pingamizi

Upo upinzani mzito dhidi ya hoja hii. Kuwawekea wajibu wanaopokea kunaweza kuwaumiza walioumizwa tayari. Mke aliyepigwa na mumewe anaweza kuambiwa na wazee kwamba “kosa moja haliachi mke” inafanya kazi kwa pande zote, na kwa hiyo afungue mlango. Mtoto aliyedhulumiwa anaweza kutakiwa kula sahani moja na aliyemdhulumu ili ukoo uonekane umetulia. Dhana ya sitara, yaani kumfunika mtu aibu yake, ni tunu kubwa ya Waswahili, lakini imewahi kutumika kufunika jeraha la mwingine.

Upinzani huu haubomoi hoja, bali unaisahihisha. Kurudiana ni kutendana, na kitendo cha kutendana kinaharibika upande mmoja unapolazimishwa, uwe ni upande wa anayerudi au wa anayepokea. Mumbi alikuwa na haki ya kutaka mazungumzo kabla ya kukubali. Pia wajibu wa kupokea ni wa jamii nzima, haumwangukii aliyetendewa. Pale ambapo nyumba ya zamani si salama kwa wengine, wajibu wa jamii ni kutafuta nyumba nyingine na jembe jingine. Kumrudisha mtu kwenye jamii si lazima kuwe kumrudisha kwenye kitanda kile kile.

5.8 Hitimisho

Sura hii imeonyesha kuwa fasihi na semi za Afrika Mashariki zina maarifa mapana kuhusu marejeo, ila uhakiki umeyaacha nje ya lango. A Grain of Wheat inafichua marejeo yanayosimamiwa na mfungaji na kuonyesha kwamba nyumba nayo huhitaji kupokewa. Historia ya Sauti ya Dhiki inatahadharisha dhidi ya kuyapokea maneno ya mtu na kumwacha mwenyewe. Methali zinabishana, na ubishani huo ndio utamaduni wenyewe. Anayechukua methali ya huruma peke yake hajauchukua utamaduni, ameuchagua.

Mchango wa sura kwa nadharia ni pendekezo kwamba dhana ya urekebishaji, ambayo imekaa katika maumbo ya kumrudi na kujirudi, ipanuliwe hadi kurudiana. Mchango wake kwa watendaji ni maswali manne yaliyotajwa. Kwa watafiti, uwanja ulio wazi zaidi ni simulizi za wafungwa wa kawaida na za jamaa zao, zikikusanywa kwa hiari yao na bila kuwavua sitara. Mwali hutolewa nje na mjane hutolewa edani. Aliyetoka gerezani bado hutoka peke yake, na hapo ndipo kazi ya wanaopokea inapaswa kuanza.